Kabla Hujanunua Betri ya Glaida ya Rimoti

Kabla hujauliza bei, chukua rula upime pua ya glaida yako, yaani ile ndege ndogo isiyo na injini, ambayo betri yake huendesha vifaa vya rimoti tu. Nyingi za kurushia mteremkoni zina pua nyembamba: betri nne za AA zikifungwa kwa umbo la mraba hazipiti, zikifungwa mbili mbele, mbili nyuma, zinaingia. Acha nafasi ya waya na plagi. Plagi ndiyo husahaulika.

Kisha angalia uzito. Pua ni fupi na mkia ni mrefu, kwa hiyo mbele lazima paongezwe kitu mpaka kitovu cha uzito kikae mahali pake. Wengi hubandika vipande vya madini ya risasi. Mimi naona hiyo ni mizigo ya bure, kwa sababu kama pua inataka gramu 110, seli nne za AA za nikeli zina uzito wa karibu hivyo, na umeme unapata. Glaida ndogo ya kurushwa kwa mkono haitaki mzigo huo. Hapo kila gramu inahesabiwa.

Soma karatasi ya sevo, vimota vinavyosukuma mikia na mabawa, kabla ya kusoma ya betri. Seli nne za nikeli ni volti 4.8, tano ni 6.0. LiFe na LiPo ni aina mbili za lithiamu: mbili za LiFe ni 6.6. Mbili za LiPo zimeandikwa 7.4, lakini zikitoka kwenye chaja zinafika 8.4, na sevo ya kawaida huungua kwa volti hizo. Ukizitaka, nunua sevo za volti kubwa au uweke kifaa cha kupunguza volti.

Miliampea-saa, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inabeba, zilizoandikwa kwenye ganda ndizo zinazopumbaza watu. Seli ya lithiamu ya 18650 iliyoandikwa 9,900, irudishe mezani uondoke; seli halisi za umbo hilo ziko karibu na 3,500 au chini yake. Hata namba ikiwa ya kweli, haikwambii volti zitashuka kiasi gani sevo zote zikivuta kwa pamoja. Hilo nililijua Wasserkuppe, Ujerumani, mwezi Machi, kwenye upepo wa baridi kali. Glaida ilikuwa inakata kona, mara ikagoma kusikia rimoti. Nikahesabu moja, mbili, ikarudi mkononi. Nilipoishusha nikaipima betri: volti 5.1, nzima kabisa! Betri ikipumzika hudanganya. Ilikuwa ya zamani, baridi ikaimaliza nguvu. Sevo zilipovuta, volti zikaanguka na risiva, kifaa kinachopokea amri za rimoti, ikazima ikawaka upya.

Tangu siku hiyo napima hivi: glaida iko mezani, mita nimeichomeka kwenye tundu la risiva lisilotumika, nazungusha vijiti vyote viwili vya rimoti kwa fujo nusu dakika, macho kwenye namba. Pakiti ya seli nne ikishuka chini ya 4.5, sipandi nayo mlimani. Mita za bei nafuu huchelewa kuonyesha anguko la ghafla, kwa hiyo usijibane kwenye mpaka.

Muda wa kuruka hesabu mwenyewe. Mfumo ukivuta wastani wa miliampea 400, betri ya 2,000 ni saa tano kwenye karatasi. Mimi narusha tatu, basi.

Chaja nayo iangalie mapema. LiFe hujaa kwa volti 3.6 kila seli, LiPo kwa 4.2, kwa hiyo chaja isiyo na chaguo la LiFe itaiua. Tena volti za LiFe hazitembei: zinakaa pale pale mpaka karibu na mwisho, kisha zinaporomoka. Usizitegemee kujua kilichobaki. Soma kwenye chaja ni miliampea-saa ngapi zimerudi, ulinganishe na muda uliorusha.

Kasha la plastiki lenye springi liache kwenye redio ya jikoni. Ukitua kwa kishindo, seli inaruka kidogo tu na umeme umekatika. Taka pakiti iliyochomelewa vibati.

Ukiagiza kwa mtu anayesafiri kwa ndege, mwambie lithiamu za akiba zikae kwenye mkoba wa mkononi, ncha zake za umeme zimezibwa kwa tepu. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 kwa betri moja, na pakiti ya volti 6.6 yenye miliampea-saa 2,100 haifiki hata 14.