Kupika IPA ya ukungu nyumbani, na ile hatua ya kuhamisha bia inayoharibu kila kitu

Kitambo kidogo nyuma mdogo wangu kanipigia usiku analalamika, IPA yake ya ukungu, ile bia yenye mawingu na hopsi nyingi (maua ya kuipa bia uchungu na harufu), siku ya kumi ilikuwa ya njano imeiva kabisa, ukifungua tu chumba kizima kinanukia embe na chungwa, wiki mbili baadaye imegeuka kahawia ya kijivu, kama maji yaliyosuuzwa sufuria, na ukinywa unapata ladha ya boksi lililolowa. Nikamuuliza swali moja tu, uliihamishaje? Kimya. Nikajua. Maana na mimi bechi zangu mbili za kwanza zilikufa hivyo hivyo, nikawa nalaumu maji, nikalaumu hamira, nikabadilisha hopsi, kumbe kosa lilikuwa hewa. Basi nimekaa naye bechi nzima toka mwanzo na hii ndo njia tuliyofuata, lita 20 za kuingia kwenye fementa (chombo cha kuchachushia).

Usafi wa vyombo siongelei. Kama bado hujazoea dawa ya kuua vijidudu anza na bia nyingine rahisi kwanza, hii hopsi zake ni ghali mno kujifunzia.

Hatua ya 1: Maji

Lita 30 kwenye sufuria ya lita 40. Maji ya bomba yana klorini, na klorini ikikutana na kimea inatoa ladha ya plasta ya hospitali, kwa hiyo ponda nusu kidonge cha Campden, koroga, imeisha hiyo. Halafu chumvi: kama maji yako ni laini weka gramu 9 za kalsiamu kloraidi na gramu 4 za jasi (kalsiamu salfeti). Lengo ni kloraidi iwe kama mara mbili ya salfeti, takriban 150 kwa 75 ukipima kwa miligramu kwa lita, kwa sababu kloraidi ndo inafanya bia ijae mdomoni na salfeti inachongoa uchungu. IPA ya zamani ilitaka salfeti nyingi, hii inataka kinyume. Kama maji yako ni magumu tafuta ripoti yake kabla ya kumwaga chumvi, usinifuate kichwa kichwa.

Hatua ya 2: Kimea

Kilo 4.4 za kimea cheupe cha shayiri, kilo 1 ya oti zilizobanwa, gramu 600 za kimea cha ngano. Basi. Usiweke kimea cha karameli, najua resipe nyingi zinaweka "kidogo tu cha rangi", matokeo yake bia inakuwa nzito ya utamu na inazeeka upesi. Na tafadhali sana usitie unga ili upate ukungu, nimeona mtu anafanya hivyo. Ukungu wa hii bia unatokana na protini za oti na ngano zikishikana na polifenoli za hopsi, ukifuata resipe utaupata tu bila kuulazimisha.

Mi natumia mfuko wa kitambaa ndani ya sufuria hiyo hiyo na sioni sababu ya kununua matanki matatu. Pasha maji yafike nyuzi 72 za Selsiasi, mwaga kimea huku unakoroga mabonge yaishe, itashuka yenyewe hadi 67 au 68, funika na blanketi dakika 60. Ukishuka hadi 64 bia itakuwa nyepesi kama maji, oti zote umezitupa bure. Nyanyua mfuko, kamua (wanaosema usikamue wana hoja zao, mi nakamua), machicha tupa au wape kuku.

Hatua ya 3: Kuchemsha

Dakika 60, na gramu 10 za hopsi ya uchungu kama Magnum mwanzoni. Angalia lisimwagike povu dakika za kwanza.

Hatua ya 4: Hopsi za moto

Zima moto, pooza mpaka nyuzi 80, sio 95. Kwenye joto kubwa hopsi zinaendelea kutoa uchungu na yale mafuta ya harufu yanapaa na mvuke. Ikifika 80 weka gramu 60 za hopsi ya Citra na 40 za Mosaic, koroga taratibu, funika dakika 25. Afu pooza kwa koili haraka mpaka 19 na mimina kwenye fementa. Hapa, na hapa tu, hewa ni rafiki: mwaga kutoka juu, tikisa, hamira inaihitaji kabla haijaanza kazi. Haidromita (kipimo kinachoonyesha sukari iliyomo, namba inashuka hamira ikiila) isome kama 1.063.

Kuhusu hopsi, ukipata Galaxy badala ya Mosaic ni sawa. Ila usichanganye aina tano ukidhani utapata tunda tano, utapata nyasi. Na nusa pakiti kabla ya kumwaga, ikinuka jibini au kitunguu kilichooza ipeleke jalalani hata kama inauma.

Hatua ya 5: Hamira

Ya maji natumia London Ale III, ya unga Verdant IPA pakiti moja. Hizi hazizami kirahisi na zinaacha harufu ya matunda, ndo tunachotaka. Zile hamira safi za Marekani ambazo kila mtu anazo zinafanya kazi lakini bia inakosa ule mviringo, na mi sizitumii kwa hii kitu. Joto 19, siku mbili za mwisho acha ipande hadi 21.

Sasa kabla hujaweka kile kizibo cha hewa, ngoja. Badala yake chukua mpira kutoka kwenye kifuniko cha fementa, uunganishe na mdomo wa bia wa kegi (mtungi wa chuma wa kuhifadhia bia) tupu iliyosafishwa, ule wenye bomba refu la kufika chini, halafu mdomo wa gesi utoe mpira mwingine uende kwenye jagi la maji. Gesi yote ya uchachukaji inapita ndani ya kegi inasukuma hewa nje. Lita 20 za bia kama hii zinatoa zaidi ya lita 400 za kaboni dioksidi, kegi ni lita 19, piga hesabu mwenyewe. Ni bure na inafanya kazi wewe umelala. Weka mpira mpana maana povu likipanda likaziba mpira mwembamba utapaka dari, usiniulize nimejuaje.

Hatua ya 6: Hopsi za baridi

Gramu 160, Citra 100 na Mosaic 60, hiyo ni gramu 8 kwa lita na juu ya hapo unalipia nyasi tu, harufu haiongezeki kama pesa inavyoongezeka. Naziweka haidromita ikiwa kwenye 1.018 hivi, kabla hamira haijamaliza kabisa, sababu yangu sio ile habari ya hamira kubadilisha mafuta ya hopsi ambayo watu wanabishana nayo miaka, sababu yangu ni kwamba ukifungua kifuniko hewa inaingia na hamira iliyo macho inaila. Fungua, mwaga, funga, sekunde kumi. Usikoroge.

Siku tatu zinatosha. Lakini usihamishe kwa sababu kalenda imesema. Hopsi zina vimeng'enya vinavyovunja ile sukari ngumu ambayo hamira ilishindwa kuila, hamira inaamka inaanza tena, namba inashuka pointi mbili tatu nyingine (0.002 au 0.003), na ikikatishwa hapo katikati inaacha diasetili, ile harufu ya siagi ya bisi za sinema. Sio ugunduzi mpya, Brown na Morris waliliandika Uingereza mwaka 1893. Kwa hiyo pima siku mbili mfululizo, namba ikae pale pale, kwangu huwa 1.013 au 1.014. Halafu chukua bia kidogo kwenye chupa ya jemu yenye kifuniko, itumbukize kwenye maji ya nyuzi 60 dakika 20, ipooze, fungua unuse. Siagi ipo? Subiri siku mbili zaidi kwenye joto lile lile, urudie.

Hatua ya 7: Kuhamisha, na hapa soma taratibu

Kwanza kabisa baridi. Ukiweka fementa kwenye friji ili hopsi zizame, hewa ya juu ya bia inasinyaa, na fementa inavuta pumzi. Inavuta kupitia kizibo cha hewa, oksijeni inaingia moja kwa moja juu ya bia uliyoilinda wiki nzima. Hilo ndo lilikuwa kosa la mdogo wangu, nusu yake. Kabla ya friji toa ule mpira wa kegi, ziba kegi na ikae na gesi yake, halafu kwenye tundu la kifuniko funga puto ulilolijaza kaboni dioksidi kutoka kwenye mtungi. Bia ikivuta itavuta gesi. Kama fementa yako ni ya kushika presha weka presha kidogo ufunge, kama ni ndoo ya plastiki ya kawaida usijaribu, ndoo haijatengenezwa kwa hilo. Saa 24 kwenye nyuzi 4 zinatosha.

Pili, kegi. Kama hukufanya ule ujanja wa hatua ya 5 basi jaza kegi na maji ya dawa mpaka yafurike pembeni ya kifuniko unapokibana, tikisa, ongeza tena, kwa sababu chini ya kifuniko kunabaki mfuko wa hewa na watu wengi wanausahau. Sukuma maji yote nje kwa gesi kupitia mdomo wa bia mpaka mpira uanze kukohoa. Kujaza gesi kwenye kegi tupu na kuachia mara tatu nne haitoshi, mi nilifanya hivyo mwaka mzima nikidhani nimemaliza.

Tatu, mzunguko wenyewe. Fementa juu ya meza, kegi sakafuni, usiitikise ukiibeba. Mpira wa kwanza toka koki ya fementa kwenda mdomo wa bia wa kegi, ili ijae kuanzia chini. Mpira wa pili toka mdomo wa gesi wa kegi kurudi juu ya fementa. Achia presha ya kegi kwanza, la sivyo gesi itarudi kwenye koki ipige mapovu na kuvuruga mashapo yote. Na mpira wa kwanza una hewa ndani yake, mita moja ya hewa, kwa hiyo kabla ya kuunganisha fungua koki bia ijaze mpira na imwagike nusu kikombe. Hicho kikombe onja, ndo mshahara wako.

Sasa kuziba. Hapa ndo niliwahi kukaa toka saa mbili usiku mpaka saa tano. Vipande vya hopsi vinaingia kwenye kile kispringi cha mdomo wa kegi na bia inasimama kabisa. Kosa nililofanya ni kufungua kifuniko "nichungulie", afu nikachomoa mpira nikaupuliza kwa mdomo. Bechi ikafa. Usifungue chochote. Funga koki, chomoa mpira upande wa kegi, weka mtungi wa gesi kwenye mdomo wa bia presha ndogo sekunde moja, itasukuma uchafu kurudi ndani ya kegi, achia presha, endelea. Ikiziba mara ya tatu kispringi kitoe, lakini kegi iwe haina presha kabisa, kile kidude kinaruka kama risasi. Dawa ya kweli ni kuzuia: bomba linaloelea ndani ya fementa, linanyonya bia ya juu badala ya chini kwenye tope. Kama huna, inamisha fementa kwa kitabu upande wa koki toka siku unaiweka kwenye friji mpaka dakika kumi kabla ya kuhamisha, halafu ugeuze kitabu upande wa pili, tope linabaki mbali. Na kubali kuacha lita mbili chini. Tamaa ya hizo lita mbili ndo inaleta kuziba.

Pima uzito wa kegi kwenye mzani wa bafuni ujue imejaa lini, kwa macho huwezi.

Wa chupa: inawezekana, ila jaza karibu na mdomo kabisa, sentimita moja ya nafasi isizidi, sukari gramu 115 kwa lita 20, na hakikisha namba imetulia kweli maana chupa zinapasuka.

Hatua ya 8: Gesi na kunywa

Presha 0.8 bar kwenye nyuzi 4, wiki moja. Siku za mwanzo inakwaruza koo, hopsi bado zinaelea, siku ya kumi inalainika. Weka baridi muda wote, ukiitoa nje wiki moja ni kama mwezi kwenye friji. Mi naimaliza ndani ya wiki sita, na ya mdogo wangu tuliyoipika pamoja ina wiki ya nne leo, kanitumia picha ya glasi asubuhi, bado njano.