Somo: sufuria ya maharagwe, sukari ya damu na wale bakteria wa tumboni

Wapendwa habari za jioni. Baada ya mkutano wa Jumamosi wengi mlinipigia mkiuliza mama alifanya nini mpaka sukari ikatulia, sasa badala ya kujibu mmoja mmoja naandika hapa yote. Mama yuko na sukari aina ya pili huu mwaka wa saba, tunaishi Manyatta hapa Kisumu, na mama ukimwambia aache ugali anaona ni kama umemfukuza kwake. Kwa hivyo ugali hatukuacha. Tulibadilisha kile kinachotangulia ugali na kile kinachokaa kando yake, na hicho kitu ni maharagwe.

Kwanza mjue kwa nini, juu ukijua sababu hutachoka njiani. Wanga wa maharagwe umefungiwa ndani ya seli zenye ukuta mgumu, ukizipika nzima ule ukuta haupasuki wote, kwa hivyo sukari inatoka polepole. David Jenkins na wenzake kule Toronto walianzisha mwaka wa 1981 kipimo cha jinsi chakula kinavyopandisha sukari, glukosi ikapewa 100, mkate mweupe uko kama 75 hivi na maharagwe mengi yako chini ya 40.

Halafu kuna kile kisichosagika huko juu, yaani ufumwele na wanga sugu, hicho kinashuka mpaka utumbo mpana na huko ndiko bakteria wanakaa wakingoja. Wanakichachusha vile uji wa wimbi unachacha kwa mtungi, na kwa kuchachusha wanatoa asidi ndogo ndogo tatu: asetati, propionati na butirati. Butirati ni chakula cha ukuta wa utumbo wenyewe. Na hizi asidi zinashtua utumbo utoe homoni inaitwa GLP-1, ambayo inaambia kongosho itoe insulini na inakufanya ushibe mapema. Hio homoni ndio ile sindano ya sukari ya Ozempic inaigiza.

Na rangi ya ganda pia ina kazi, kule kwa wairimu nyekundu au njahi nyeusi kuna kemikali za mmea zinaitwa tanini na flavonoidi, nyingi yazo hazifyonzwi huko juu, zinafika chini na bakteria wanazivunja vipande ambavyo mwili unaeza tumia. Kwa hivyo usimenye.

Sasa tuingie jikoni.

Hatua ya kwanza ni soko. Mimi naenda Kibuye, nanunua gorogoro moja ya maharagwe ya nyayo au rosecoco, halafu nusu ya ndengu, na nikipata njugu mawe kutoka upande wa Busia nachukua, juu bakteria wa tumbo si aina moja na kila mmoja ana chakula anachopenda. Uliza kama ni ya msimu huu. Yaliyokaa sana store yanakula makaa mpaka jioni na bado yanakwaruza ulimi.

Hatua ya pili, loweka usiku kucha, maji mara tatu ya maharagwe. Asubuhi utaona ganda limejikunja halafu likanyooka, maji yamekuwa rangi ya chai ya rangi na juu kuna povu jeupe. Mwaga hayo maji. Najua kuna wale wanasema unamwaga na dawa, na ni kweli rangi kidogo inaenda, lakini pia zile sukari za rafinosi na stakiosi zinazoleta gesi zinapungua, na mtu akiteswa na tumbo siku ya kwanza hatarudi siku ya pili. Mimi namwaga.

Hatua ya tatu hii tafadhali msiiruke. Maji mapya, moto mkali, yachemke kabisa yakiruka ruka angalau dakika 10, mimi naacha 30, ndio upunguze moto. Maharagwe mekundu mabichi yana lektini, sumu ambayo inatapisha na kuendesha vibaya, na moto mdogo hauiui. Wale wanaotumia kile kikapu cha kuhifadhi joto, chemsha kwanza kwa jiko ndio uingize. Na magadi usiweke, najua yanalainisha haraka, lakini yana sodiamu nyingi na wengi wetu tuko na presha pia, tena yanaharibu vitamini B1. Yale maji ya majivu tuliyolelewa nayo huku magharibi nayo yanaharibu hiyo B1.

Hatua ya nne: usiponde. Mushenye ni tamu, naipenda, lakini ukishaponda umevunja zile kuta na viazi vitamu vimeongeza wanga mwingine juu. Yakiiva, kama una friji yaache yapoe usiku halafu upashe kesho yake, wanga sugu unaongezeka kidogo. Kama huna friji pika ya siku moja tu, na joto la Kisumu mnalijua.

Hatua ya tano ndio moyo wa somo. Kula maharagwe asubuhi, si usiku peke yake. Ukila jamii ya kunde kwa kiamsha kinywa, hata sukari ya chakula cha mchana inapanda kidogo kuliko vile ingepanda, wataalamu wameliona hili tangu miaka ya 1980. Mama anakula bakuli dogo saa mbili na chai isiyo na sukari, andazi tuliachana nalo. Mchana ugali wa ngumi moja, mboga ya osuga au mrenda nusu ya sahani, omena.

Nilimpima siku mbili kwa mashine yetu ya nyumbani, masaa mawili baada ya chakula cha mchana. Siku ya chai na mkate na ugali kama kawaida ilisoma 13.8 mmol/L. Siku ya maharagwe asubuhi na ugali kidogo ikasoma 9.6. Alishika ile stripu akaiangalia mara mbili, akaniambia nirudie. Huyo ni mtu mmoja lakini, na ugali pia ulipungua, kwa hivyo msiseme ni maharagwe peke yake. Utafiti wa kikundi cha huyo huyo Jenkins uliotoka 2012 ulikuwa na watu 121 wenye sukari aina ya pili, waliokula angalau kikombe kimoja kwa siku miezi mitatu kipimo chao cha HbA1c, kile cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, kilishuka kwa pointi 0.5 za asilimia, na wale wa nafaka nzima ya ngano 0.3. Si muujiza, lakini ni chakula tu, na gorogoro tunaimudu.

MASWALI YENU

*Dada wa Kakamega: gesi jamani, naona aibu kwa matatu.*
Pole dada. Anza na vijiko vitatu kwa siku wiki ya kwanza, wiki ya pili vitano, panda polepole. Bakteria wanahitaji wiki kadhaa kuzoea. Na ndengu ni pole kwa tumbo, anza nazo.

*Baba wa Bondeni, Nakuru: nikila hivi naeza acha metfomini, hizi tembe zangu za sukari?*
Hapana baba. Lakini hii utaipenda: metfomini yenyewe asili yake ni mmea wa Ulaya, Galega officinalis, ambao ni wa jamii ya kunde kabisa, ndugu wa maharagwe yako. Mmea wenyewe ni sumu kwa mifugo, dawa ikatengenezwa maabara 1922 na Mfaransa Jean Sterne akaanza kuwapa wagonjwa 1957. Endelea kumeza. Kama unatumia glibenklamidi (tembe nyingine ya sukari) au insulini ndio uangalie zaidi, juu ukipunguza ugali sukari inaeza teremka chini ya 4, utetemeke na jasho baridi. Nenda kliniki na daftari la vipimo, daktari ndiye apunguze dozi.

*Nyoyo je, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe? Si ina maharagwe?*
Ina, lakini huku kwetu mahindi ndio mengi. Geuza, maharagwe mawili kwa hindi moja.

*Mume wangu figo zimeanza kusumbua.*
Mama, hapo simama kwanza. Maharagwe yana potasiamu nyingi. Uliza kliniki ya figo kiasi chake kabla hujampa.

*Uwatu na soya?*
Zote ni jamii ya kunde. Uwatu una ufumwele wa utelezi unaochelewesha sukari, tumia kama kiungo, usimeze unga wake kwa vijiko ukiwa kwa dawa. Soya ina kemikali inaitwa daidzeini ambayo bakteria fulani wanaigeuza kuwa nyingine inaitwa ekwoli, lakini si kila mtu ana hao bakteria, ndio maana jirani yako na wewe mnaeza kula soya ile ile miili ifanye tofauti.

*Mzee wangu anasema maharagwe asubuhi ni chakula cha bweni, hataki kusikia.*
Mama pia alikataa wiki mbili nzima. Nilikaanga ndengu na kitunguu, nyanya na dania nyingi, nikaweka kando ya chai bila kusema chochote, nikaketi nikala zangu. Siku ya nne akachukua kijiko.