Kuuza pikipiki ya bodaboda: lini uiachie, na uikabidhi vipi

Pikipiki nyingi za biashara hapa Tanzania huuzwa kwa hasira. Imelala gereji siku ya tatu, dereva kaleta hesabu pungufu, mwenye mali anampigia dalali na kukubali bei ya kwanza anayotajiwa. Wiki mbili baadaye anaiona barabarani inapiga kazi vizuri kabisa, kwa sababu kilichokuwa kinasumbua kilikuwa cheni na plagi. Wapo pia walioshikilia chombo kilichokwisha, wakaweka pistoni, wakaweka klachi, wakaweka krankshafti, mpaka pesa ya matengenezo ikapita bei ya kuiuzia.

Ikiwa pikipiki yako imekupa na imekunyima, usiamue kwa kukumbuka tu, maana linalokumbukwa ni tukio la mwisho. Fungua daftari, kagua injini, ndipo useme nauza au nabaki nayo. Maelezo haya yanahusu zaidi pikipiki za cc 100 hadi 150 zilizozoeleka vijiweni, za aina ya Boxer na TVS, ila mengi yanaifaa hata ya kutembelea.

Hesabu za miezi mitatu

Mwezi mmoja hautoshi, kwa sababu mwezi wa kununua tairi unaonekana wa hasara na mwezi unaofuata unaonekana wa neema. Chukua miezi mitatu. Andika kilichoingia, kilichotoka, na siku ambazo pikipiki ililala. Hizo siku za kulala ndizo watu husahau.

Tuchukue mfano wa pikipiki inayoleta shilingi 8,000 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Kwa wiki 13 ilitakiwa ilete 624,000. Ikilala siku 11, toa 88,000, zimebaki 536,000. Oili, tairi, cheni na fundi vikila 210,000, zimebaki 326,000. Toa fungu la bima na vibali, tuseme 30,000, unabaki na 296,000.

Bado kuna kitu kimoja. Pikipiki inashuka thamani hata ikiwa imesimama. Kama leo unaweza kuiuza 1,300,000 na baada ya mwaka itauzika 1,000,000, maana yake kila miezi mitatu unapoteza 75,000. Faida yako ya kweli ni 221,000. Pikipiki ya namna hii bado inalipa, na anayeiuza kwa sababu imemuudhi anajikata mguu. Weka tarakimu zako mwenyewe. Ikibaki chini ya elfu hamsini kwa miezi mitatu, tafuta mnunuzi.

Angalia pia matengenezo yanajirudia wapi. Ukibadilisha tairi, breki shoo, cheni na balbu, hayo ni matumizi ya kawaida na pikipiki mpya nayo itakudai hayo hayo. Lakini kama daftari linaonyesha kitu kile kile kimefanyiwa kazi mara tatu, mfano gasketi ya hedi au klachi, kuna chanzo ambacho hakijaguswa.

Kinachosumbua ni chombo au mpango?

Hapa ndipo wengi hukosea. Hesabu pungufu, kupokelewa simu kwa taabu, pikipiki kukamatwa usiku: hayo ni ya dereva na makubaliano yenu. Ukiuza ukanunua nyingine ukampa dereva yule yule kwa masharti yale yale, umehamisha tatizo kwenye chombo cha bei kubwa zaidi.

Mfano mzuri ni oili. Injini hizi hubeba oili ya lita moja hivi, na hupozwa kwa upepo na kwa oili hiyo hiyo. Pikipiki ya kijiweni ikitembea kilomita 120 kwa siku, inafikisha kilomita 1,500 ndani ya wiki mbili. Anayemwaga oili mara moja kwa mwezi, akiamini kwamba ndivyo inavyotakiwa, anaipeleka injini kilomita 3,000 na zaidi kwa oili iliyokwisha nguvu na pengine imepungua nusu. Pistoni na ringi hukwaruza silinda, moshi unaanza, na lawama inaangukia aina ya pikipiki. Kabla hujauza chombo kwa sababu kinakula injini, uliza oili ilikuwa inamwagwa lini, ya namba gani na ya nani.

Kama dereva yuko kwenye mkataba wa kuichukua baada ya muda, huwezi kuiuza juu ya kichwa chake. Ameshalipa sehemu. Kaa naye, hesabu alicholipa na kilichobaki, kisha umpe nafasi ya kwanza ya kumalizia. Mara nyingi yeye ndiye mnunuzi bora: anaijua, hatakulalamikia baadaye, na hakuna dalali katikati.

Ikague kabla ya mnunuzi

Fanya asubuhi, injini ikiwa ya baridi kabisa, maana injini ya moto huficha ugonjwa. Anza na kiki kwa mkono huku swichi imezimwa: sukuma taratibu. Lazima ufike mahali inagoma kabla ya kupita. Ikishuka laini tu kuanzia juu mpaka chini, presha imepotea, aidha vavu hazifungi vizuri au ringi zimekwisha.

Iwashe, halafu shika kitambaa cheupe nyuma ya eksozi, mbali kidogo usiungue, kwa dakika mbili. Masizi makavu meusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Kabureta na chujio la hewa vitamaliza. Vitone vya oili vinavyonata ni habari nyingine. Moshi wa bluu unaotoka wakati wa kuwasha tu kisha ukakata, kwa kawaida ni sili za vavu, kazi ndogo. Moshi wa bluu unaoongezeka kila unapovuta mafuta ni ringi, pistoni au silinda, na hapo gharama inapanda. Fungua plagi uthibitishe: rangi ya kahawia ni afya, nyeusi kavu ni kabureta, nyeusi inayong'aa kwa oili ni ringi au sili.

Sikiliza na mlio. Tik-tik nyepesi juu kwenye hedi ni tapeti, zinasetiwa ndani ya nusu saa. Mchakacho kama wa mnyororo mwepesi pembeni mwa silinda ni taimingi cheni. Lakini mlio mzito wa kugonga kutoka chini, unaozidi ukipanda mlima na abiria, ni konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krankshafti), na konrodi maana yake injini inapasuliwa yote. Ukisikia huo, uza kabla haijakatika, na mwambie mnunuzi. Injini ikikatikia mikononi mwake siku ya pili, atarudi na watu wake, na kwa haki.

Klachi ipime mlimani: gia ya tatu, vuta mafuta ghafla. Injini ikilia juu bila mwendo kuongezeka, pleti zinateleza. Cheni isukume juu na chini katikati. Mchezo wa sentimita 2 hadi 3 unatosha. Meno ya spoketi yakiwa yamelalia upande mmoja kama ndoano, badilisha cheni na spoketi zote mbili kwa pamoja, maana cheni mpya juu ya meno mabovu huisha haraka. Mwisho simama nyuma ya pikipiki, mtu aiendeshe taratibu mbele yako kwenye barabara iliyonyooka. Gurudumu la nyuma lisipofuata mstari wa la mbele, fremu au rimu imepinda. Ikiwa fremu ndiyo iliyopinda, hakuna sababu ya kuendelea kutia pesa humo.

Kipi utengeneze, kipi uache

Tengeneza vidogo vinavyoonekana: taa zote na indiketa, honi, breki, oili mpya, cheni ipakwe na kukazwa, betri kama selfu haiwashi, siti iliyochanika. Ioshe, lakini usiiloweshe injini kwa dizeli mpaka ing'ae. Wanunuzi wazoefu hujua kwamba injini inayong'aa sana ilikuwa inavuja jana.

Usifungue injini kwa ajili ya kuuza. Sokoni maneno yanayouza ni "injini haijaguswa". Ukiweka pistoni na ringi mpya, mnunuzi atauliza kwa nini ilifunguliwa, na hutarudishiwa hata nusu ya pesa ya fundi. Punguza bei, useme tatizo wazi. Vivyo hivyo rangi: fremu iliyopigwa rangi upya, hasa shingoni, inatia shaka ya ajali au ya wizi, na shingoni ndipo namba ya chasisi ilipo. Kamwe usiruhusu mtu achomelee karibu na namba hiyo.

Kama injini iliwahi kubadilishwa nzima, namba yake haitalingana na kadi ya usajili. Shughulikia hilo kwanza kwa risiti ya injini uliyonunua na marekebisho TRA (Mamlaka ya Mapato). Mnunuzi makini akiona namba mbili tofauti ataondoka, na asiye makini atakuletea kesi.

Bei na msimu

Bei za kwenye matangazo ni bei za kuombea, si za kuuzia. Zunguka vijiwe viwili vitatu na gereji moja, uliza ya mwaka kama wako iliondoka kwa ngapi wiki hizi. Kisha shika namba tatu kichwani: ya kutangaza, unayoitaka, na ambayo chini yake hutashuka. Ya mwisho usimtajie mtu, hata dalali. Na dalali mkubaliane mapema: anachukua kiasi gani, na kinatoka kwa nani.

Januari ni mwezi mbaya wa kuuza. Watu wanatafuta ada, pikipiki zinakuwa nyingi sokoni na pesa hakuna. Kwenye mikoa ya mazao, subiri wakulima walipwe: Mtwara na Lindi ni korosho, kuanzia Oktoba kuelekea Desemba, Shinyanga na Simiyu ni pamba, katikati ya mwaka. Wakati huo pikipiki nzuri haikai wiki.

Kwenye tangazo weka aina, cc, mwaka, herufi za mwisho za namba ya usajili, hali ya injini, kasoro unazozijua, na kama kadi iko mkononi kwa jina lako. Picha ya kadi usiiweke mtandaoni. Kama kadi inashikiliwa na mkopeshaji, maliza deni upate barua ya kuachiliwa kwanza. "Haidaiwi" ni neno linaloongeza bei.

Siku ya kuuza

Kutana mchana, mahali penye watu. Mnunuzi akitaka kuijaribu, aache pesa yote mezani mbele ya shahidi, au upande nyuma yake. Kitambulisho pekee si dhamana. Pikipiki nyingi zimeondoka kwa "naizungusha hapo tu" na hazikurudi. Malipo ya simu yathibitishe kwa kuangalia salio lako mwenyewe, usiamini ujumbe, maana ujumbe wa kughushi unafanana na wa kweli. Kwa kiasi kikubwa nendeni wote benki, pesa ihesabiwe na iwekwe hapo hapo.

Usiuze kwa mali kauli. Ikibidi kupokea kwa awamu, kadi na umiliki vinabaki kwako mpaka senti ya mwisho, na tarehe za kulipa ziandikwe.

Mkataba wa mauziano uwe na majina kama yalivyo kwenye vitambulisho vya NIDA, namba za vitambulisho na simu, namba ya usajili inayoanza na MC, namba ya chasisi na ya injini mlizozisoma pamoja kwenye chombo chenyewe, bei kwa tarakimu na kwa maneno, kasoro zilizotajwa, na nani analipia gharama za kuhamisha. Andika pia saa ya makabidhiano, si tarehe peke yake. Pikipiki ikigonga mtu saa kumi jioni na wewe uliikabidhi saa nne asubuhi, saa hiyo ndiyo itakayokusemea. Mashahidi wawe wawili, mmoja wa kila upande. Mwenzi wako akiwa mmojawapo ni bora zaidi, ili kesho asidai mali ya familia imeuzwa bila yeye kujua. Mwanasheria agonge muhuri.

Kabla ya kukabidhi, angalia kama namba yako ina faini za trafiki ambazo hazijalipwa, uzilipe. Kisha anzeni uhamisho TRA mkiwa wote wawili, mna TIN, kadi halisi, mkataba na vitambulisho. Usikubali ule utaratibu wa "nipe kadi, nitabadilisha mwenyewe nikipata nafasi". Wapo wanaoendesha miaka mitano kwa jina la mtu, na likitokea tukio polisi wanaanza na jina lililo kwenye kadi. Kama mnunuzi anasema hana pesa ya uhamisho, ikate kwenye bei na uilipie wewe. Ni nafuu kuliko kuitwa kituoni.

Siku hiyo hiyo iarifu kampuni ya bima kwamba umeuza, waarifu viongozi wa kijiwe, na urudishe kiakisi mwanga chenye namba ya kijiwe kama kilikuwa chini ya jina lako. Piga picha za mkataba, kadi zote mbili za vitambulisho, na kadi ya pikipiki ya zamani, uziweke mahali pawili. Baada ya siku chache mwombe mnunuzi nakala ya kadi mpya, na usome jina lililoandikwa juu yake.