SOMO: Kupeleka darasa makumbusho ya historia ya jiji likashike vitu, siyo kuchungulia vioo tu

Wakuu, salaam. Kila shule zikifunguliwa inboksi yangu hujaa swali lile lile: "Watoto wataruhusiwa kushika?" Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamrudisha hapa. Nimekaa pande zote mbili: nilianza kama mwalimu wa kuhesabu vichwa mlangoni, sasa nasimama nyuma ya meza ya vitu, upande wa makumbusho.

1. Piga simu mapema, na uulize swali lenyewe. Usiseme "mnapokea shule?" Karibu wote wanapokea. Uliza: "Mna vitu vya kushika?" Makumbusho mengi yana mafungu mawili. Fungu la kwanza limeandikishwa kwenye rejista, kila kitu na namba yake. Hilo halitoki kabatini hata ulie. La pili ni la kufundishia: vitu vilivyojirudia, vilivyoletwa bila maelezo ya vilikotoka, au nakala. Hivi vimetengwa makusudi vichakae mikononi mwa watoto.

2. Nenda mwenyewe kwanza, bila watoto. Vyoo, ngazi, pa kuweka mabegi. Basi.

3. Chagua swali moja. "Historia ya jiji" ni bahari. "Maji yalifikaje nyumbani kabla ya bomba?" ni kisima, mtoto anaona mwisho wake. Vitu vitano vinatosha saa nzima.

4. Watoto watano au sita kwa meza, na mtu mzima mmoja. Simu ya huyo mtu mzima ikae mfukoni.

5. USIWAAMBIE JINA LA KITU. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nivumilieni.

Mwaka wangu wa kwanza niliandika orodha ya vitu vyote na kazi zake, nikawakaririsha wiki nzima kabla ya safari. Nilijiona nimewaandaa. Tulipofika, mtoto wa kwanza akaigusa pasi, akasema "pasi ya mkaa, ilitumika kunyooshea nguo," akaiacha. Sekunde nne. Wa pili hivyo hivyo. Dakika kumi hazijaisha meza zote zimekwisha, nami nina watoto arobaini na dakika hamsini mkononi. Mmoja akachukua sahani ya gramafoni akamwonyeshe rafiki yake meza ya mbali. Zile sahani za zamani, za mizunguko 78 kwa dakika, nyingi zilitengenezwa kwa utomvu wa lakri. Hazipindi, zinavunjika kama sahani ya chakula. Ikavunjika. Mtoto akalia. Kosa halikuwa lake, alikuwa hana la kufanya.

Safari iliyofuata nikaufunga mdomo. Msichana mmoja akaifungua ile pasi, akainusa, akachomeka kidole kwenye pembe ya ndani. Kikatoka na majivu. Akaanza: mbona chuma kizito hivi kina matundu ubavuni? Mwenzake akagundua mpini wa mbao umelika upande mmoja kuliko mwingine. Wakaanza kubishana kama mwenyewe alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Robo saa ikapita kabla mtu hajatamka "pasi". Mimi nilikuwa nimeuma ulimi.

Kwa hiyo, tahadhari:
- Lebo zote zifunikwe au zigeuzwe.
- Mtoto akipatia jina, usiseme "vizuri sana". Muulize "umejuaje?" na umsubiri.
- Mtu hatari kuliko wote ni mzazi aliyewasindikiza, yule wa "aah, hii tulikuwa nayo kwetu!" Mpe kazi: aandike maswali ya watoto. Kumbukumbu zake zina nafasi yake, mwisho kabisa, na hapo zitasikilizwa.

6. Mikono. Inawe, ikaushwe. Kitu kinashikwa kwa mikono miwili, juu ya meza iliyotandikwa blanketi, na siyo kwa mpini wala kishikio. Hapo ndipo hukatika kwanza. Kitu hakipokezanwi hewani: unakiweka mezani, mwenzako anakichukua hapo. Hakuna kutembea nacho. (Sahani yangu ingekuwa hai mpaka leo.)

7. Penseli tu. Wino ukigusa nguo ya zamani hautoki.

8. Kesho yake darasani kila mtoto achore kitu kimoja kwa kumbukumbu. Usisahihishe mchoro, uangalie alichokumbuka.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Chaki Moja: Mkuu, kwani watoto wanaruhusiwa kushika vitu vyote?

*Jibu:* Hatua ya 1.

Haraka Haraka: Ndefu sana hii. Fupisha basi mkuu, nina safari kesho kutwa.

*Jibu:* Kesho kutwa na hujapiga simu bado? Hatua ya 1 ina neno "mapema".

Mtihani Kwanza: Na heshima zote, huu ni mchezo. Mtihani hauulizi pasi ina matundu mangapi.

*Jibu:* Sijasema unauliza. Mtihani unauliza sababu na matokeo, na mtoto aliyebishana robo saa kuhusu mpini uliolika amefanya kazi ya mwanahistoria: ameona dalili, amedai jambo, mwenzake amempinga. Yule wa orodha yangu alikariri. Nilikuwa na wote wawili, najua nani alijibu vizuri baadaye. Ukiona ni mchezo, endelea na orodha, lakini usiwaachie sahani za gramafoni.

Mama Darasa: Kaka, nina mwanafunzi asiyeona. Safari zote za nyuma alikaa kwenye benchi akisimuliwa. Nifanyeje?

*Jibu:* Dada, asante kwa swali hili. Waambie makumbusho mapema, wengine wana ramani ya jiji yenye mitaa iliyoinuliwa au nakala ya majengo unayoweza kuipapasa. Mezani yeye awe wa kwanza, apewe muda mrefu, na asisimuliwe. Halafu wenzake wafumbe macho, washike kitu kile kile. Niliwahi kumwona mtoto asiyeona akiwaambia wenzake simu ya kuzungusha ina matundu kumi na kijiti cha chuma cha kuzuia kidole, wakati wao walikuwa wanayabonyeza yale matundu kama vitufe. Mwishowe yeye ndiye aliyewafundisha kupiga namba.

Mdadisi: Mwalimu, nani alianzisha mambo haya? Zamani si ilikuwa "usiguse" kila kona?

*Jibu:* Brooklyn kule Marekani walifungua makumbusho ya watoto mwaka 1899. Lakini aliyetikisa kabati za vioo ni Michael Spock, aliyeongoza makumbusho ya watoto ya Boston kuanzia 1962. Alikuwa na shida ya kusoma tangu utotoni, kwa hiyo alijua maana ya kufika sehemu ambayo kila kitu kimefungiwa kwenye lebo.

Mdadisi: Na glavu nyeupe? Naziona kwenye picha.

*Jibu:* Za pamba huteleza kwenye kioo na vigae, na hunasa kingo za karatasi kuukuu zikachana. Kwa karatasi, wengi leo wanapendelea mikono safi mikavu. Kwa chuma na picha, glavu laini za mpira wa sintetiki, maana jasho lina chumvi na alama ya kidole inaweza kuila shaba polepole. Na usishangae chumba cha nguo kikiwa na mwanga hafifu. Nguo na karatasi huwekewa mwanga wa takriban luksi 50 zisipauke, ndiyo maana hata flashi hawaitaki.

Fundi Sanduku: Sisi hatuna makumbusho karibu. Nimeanza kukusanya vya kwangu kwenye sanduku.

*Jibu:* Safi sana. Ila saa za zamani zinazong'aa gizani zisiingie, nyingi zilipakwa radiamu, madini yenye mionzi ya hatari. Vipimajoto vya zebaki visiingie. Na wanyama waliokaushwa waache, ngozi za zamani nyingi zilihifadhiwa kwa aseniki, ambayo ni sumu.

Haraka Haraka: Na mimi nina sarafu za babu. Nizisugue kwa limao zing'ae kabla watoto hawajaziona?

*Jibu:* USISUGUE. Ule weusi ni sehemu ya sarafu. Ukiuondoa umeondoa na maandishi madogo.

Fundi Sanduku: Mkuu, weka karatasi nyembamba juu ya sarafu, upake penseli kiubavu. Chapa yote inatokea, hata tarehe ambayo jicho halioni. Wangu walichapa thelathini, sasa wanataka kuchapa mfuniko wa mtaro wa barabarani.

*Jibu:* Waache wachape. Ila barabara isiwe na magari, na uniletee nakala moja.