SOMO: Kumkanya kasuku kwa uso na mwili wako, bila kumpiga wala kumfokea

Kila mara naulizwa lilelile: "Kasuku wangu anang'ata, nimfanyeje?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo naliweka somo zima hapa. Ukiuliza kilichomo humu nitakurudisha kwenye namba ya hatua, usinione mkali.

Naongelea hasa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, maana ndiye wengi wenu mnaye. Ni ndege anayekutazama kutwa. Anajua ukiamka vibaya, anajua ukitaka kutoka kabla hujagusa funguo. Kwa hiyo uso wako tayari unamfundisha kitu kila siku, utake usitake. Somo hili ni la kukufanya useme naye kwa makusudi.

Hatua ya 1: Msome yeye kwanza. Kasuku hang'ati ghafla. Anatangaza, ila wewe huoni. Tazama jicho: mboni ikifinya na kupanuka harakaharaka, amesisimka. Kusisimka peke yake si ubaya, anaweza kuwa anapiga mluzi kwa furaha. Angalia na mwili. Mboni zinacheza, manyoya ya kichwani na shingoni yamesimama, mkia ameufungua, kainama mbele kakaza miguu? Usipeleke mkono. Akiwa amejituliza, manyoya yamelegea, mguu mmoja ameukunja, anasagasaga mdomo taratibu, huyo ana raha na anakaribia kusinzia. Kinda ana jicho jeusi na mboni haionekani vizuri; jicho linageuka njano kadiri anavyokua, kwa hiyo kwa mdogo tegemea zaidi manyoya na shingo.

Hatua ya 2: Uso wa furaha uwe ndio uso wako wa kila siku. Nyusi juu, tabasamu, kichwa ukiinamishe kidogo, sauti nyembamba ya kumbembeleza. Asipoujua uso huu, ule wa kukataza hautakuwa na maana yoyote kwake.

Hatua ya 3: Chagua kosa moja na neno moja. "Acha." Basi. Si leo "acha", kesho "wewe!", keshokutwa hotuba.

Hatua ya 4: Uso wa kukataza. Hapa ndipo watu wanapoharibu, kwa hiyo someni polepole. Anapofanya kosa, palepale, kabla hajaingia jambo jingine, tabasamu lizimike. Kunja uso, shusha nyusi, mtazame, sema "acha" kwa sauti nzito na ya chini. Mabega yatulie, mikono itulie. Ni sekunde mbili au tatu tu, halafu ondoa macho. Ukichelewa, akawa ameshaanza kula au kujichambua manyoya, nyamaza kabisa, kwa sababu utakuwa unamkanya kwa kula.

Kwa nini nasisitiza sekunde chache? Macho ya kasuku yako pembeni mwa kichwa, na akitaka kukuchunguza vizuri hugeuza kichwa akutazame kwa jicho moja. Anayemtazama kwa macho mawili ya mbele, bila kupepesa, ni anayetaka kumla: tai, paka, na wewe. Kumkazia macho kwa muda mfupi anaelewa kuwa umekasirika. Ukiendelea, anaelewa kuwa umekuwa adui, na hapo hafundishiki tena, anatafuta pa kukimbilia. Wengi mnaolalamika kwamba kasuku "kabadilika, hanitaki" mlianzia hapa.

Kwa hiyo:
- Usimsogezee uso. Mdomo wa kasuku huvunja njugu, pua na mdomo wako havitamshinda.
- Usimsimamie kwa juu. Mkaribie kwa usawa wa kifua chake.
- Usinyanyue mkono wala kumnyooshea kidole.
- Usipige kelele. Yeye ni ndege wa makundi, kelele kwake ni mazungumzo. Ukifoka, umemjibu, na kesho ataita tena kwa njia ileile.
- Usicheke. Hata watoto waliokaa nyuma yako wasicheke. Kicheko kimoja kinafuta kazi yote.
- Usiutumie uso huu kabisa kwa ndege mgeni nyumbani, aliyepigwa alikotoka, au anayejing'oa manyoya. Huyo anahitaji hatua ya 2 peke yake, kwa muda mrefu.

Hatua ya 5: Mpe mgongo. Hii ina nguvu kuliko uso. Akiendelea baada ya "acha", mrudishe kwenye kijiti chake bila kumrusha, geuka, usimwambie neno. Subiri kidogo tu. Akitulia, geuka na uso wa furaha. Ukikaa umenuna nusu saa, yeye hajui tena umenunia nini.

Hatua ya 6: Akifanya vizuri, mlipe papo hapo. Mbegu ya alizeti, kipande cha embe, au sifa.

Hatua ya 7: Nyumba nzima ifuate utaratibu mmoja. Mjomba akija akamchokoza kwa kidole, mzuieni mjomba.

Yasiyokubalika: kumpiga mdomoni (mdomo una mishipa ya fahamu na ya damu, unauma), kumtikisa mkononi ili ayumbe, kumnyima chakula, kumfunika tundu mchana kutwa kama adhabu.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Kitongoji255: Mkuu kasuku wangu anang'ata sana nikitaka kumtoa kwenye tundu, nifanyeje?

Jibu: Hatua ya 1, kisha ya 4.

Kitongoji255: Nimepitia juu juu mkuu. Kwa hiyo nikimpiga kidogo tu kwa kidole si atashika adabu?

Jibu: Hapana. Imeandikwa hapo juu kwa nini. Ukishasoma, angalia anafanya nini mkono wako ukiwa bado mlangoni mwa tundu. Tundu ni kwake. Mfungulie mlango atoke mwenyewe, mkaribishe mkononi akiwa juu au nje.

Babu Kizimba: Nilimkodolea macho kwa muda mrefu sana, wala hakuogopa. Akawa anasema "acha, acha" kwa sauti yangu mwenyewe. Njia yako haifanyi kazi.

Jibu: Mzee wangu, shikamoo. Lengo si aogope. Nimesema sekunde mbili au tatu, ukaweka za kwako. Na akirudia neno lako akaona unaendelea kumtazama, amepata alichotaka, yaani wewe. Ondoa macho, mpe mgongo.

Ummu Sabri: Assalaam alaykum kaka. Mimi niko Mombasa. Nyumbani nakaa uso wazi, ila wakija wageni wanaume navaa nikabu, na kasuku wetu yuko barazani. Nikivaa, "acha" yangu haimshiki sana. Je, anasoma uso kweli, au ni sauti na mwili? Nimfundisheje ili anielewe hali zote mbili?

Jibu: Wa alaykum salaam dada. Swali zuri sana. Anasoma vyote kwa pamoja, na kimoja kikipungua anababaika. Fanya jaribio hili ukiwa peke yako naye: kunja uso bila kutoa sauti, uone anavyofanya. Kisha sema "acha" ukiwa umejificha nyuma ya mlango. Kisha geuka tu, bila uso wala sauti. Utajua kwako anaegemea nini.

Ukishajua, jenga kanuni kwenye kile kisichofunikwa. Nyusi na macho bado anayaona. Mabega anayaona, na mgongo hauhitaji uso. Vaa nikabu mkiwa wawili tu, wakati wa raha, umpe embe, umbembeleze, ili vazi lenyewe liwe la amani kwake. Halafu ndipo ufanye hatua ya 4 na ya 5 ukiwa umelivaa.

Na kwa kuwa umeuliza kama anasoma uso kweli: mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa walichapisha uchunguzi juu ya makao, wale kasuku wakubwa wa Amerika ya Kusini wenye bluu na njano. Waliona manyoya ya kichwani yanasimama na ngozi ya shavu inaiva wekundu zaidi pale mlezi anapomtazama ndege na kuzungumza naye kuliko anapompa mgongo. Shavu la kasuku wetu wa kijivu ni jeupe na halituoneshi hivyo, lakini kumpa mgongo kwake kuna uzito, hilo utaliona mwenyewe.

Ummu Sabri: Jazakallah khayr. Nitaanza leo jioni, nitaleta majibu.

Jibu: Lete dada, nayasubiri kwa hamu.

Fundi Redio: Nina cherero wawili, wale wadogo wa kijani wenye shingo ya njano. Nikikunja uso hawana habari.

Jibu: Wakiwa jozi, wanatazamana wao. Wewe ni mleta maji. Kwa hao uso hausaidii sana. Tumia mlango wa tundu na mbegu: akija kwa upole anapata, aking'ata mkono unaondoka kimya. Usiwatenganishe ili wakupende.

Kijana wa Soko: Wapi napata kasuku wa kijivu wa bei poa?

Jibu: Si humu. Tangu uamuzi wa CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini) wa 2016 biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku, na kumfuga kunataka kibali. Kenya ni KWS (shirika la serikali la wanyamapori), kwingine uliza mamlaka ya wanyamapori. Wa bei poa barabarani ni wa kuibwa msituni.

Mama Neema: Wangu mkia unapanda na kushuka kila anapopumua, hata akiwa ametulia. Ni hasira?

Jibu: Mama, hiyo si tabia, ni kifua. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo, usisubiri kesho. Mweke mahali pa joto, mbali na moshi wa mkaa na kikaango cha aina isiyogandisha chakula kikiungua.

Ummu Sabri: Samahani kuwatoa kwenye mada. Karanga mbichi za sokoni ni salama kumlipa?

Jibu: Hujatutoa popote. Karanga zilizohifadhiwa vibaya hupata sumukuvu, na ini la kasuku halistahimili. Nunua zile za kuliwa na binadamu, zilizochaguliwa, zisizo na ukungu, na moja moja. Parachichi na chokoleti kamwe.

Fundi Redio: Na pilipili? Watu wanasema anakula kama pipi.

Jibu: Anakula. Ndege hausikii ule ukali, na ndani kuna vitamini. Mpe ikiwa nzima, imeoshwa, na wewe unawe mikono kabla hujagusa macho yako au ya mtoto.