SOMO: Kazi nzima ya usanifu wa ndani kwenye SketchUp, kuanzia tepu hadi bili ya fundi

Wengi tunapima kwenye daftari, tunachora ramani kwenye programu moja, picha tunatengenezea nyingine, halafu bei tunapiga kwenye Excel. Kipimo kimoja kinaandikwa mara nne. Mteja akibadilisha upana wa kabati, mahali pamoja hubaki na namba ya zamani, na mara nyingi karatasi hiyo ndiyo inayofika kwa seremala. Somo hili linafuata kanuni moja: kipimo kinaingia mara moja tu, ndani ya modeli (mchoro wa chumba wa 3D kwenye kompyuta), na kila karatasi inakisoma humo.

Unahitaji SketchUp Pro, programu ya kuchora kwa 3D, ambayo huja pamoja na LayOut, programu ya kupanga michoro hiyo kwenye karatasi za kuchapisha. Mfano wetu ni chumba cha wageni katika nyumba ya zamani ya mawe Bagamoyo: upana sentimita 280, urefu sentimita 540, kuta za matumbawe na chokaa zenye unene wa sentimita 50. Vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba na virefu kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba.

1. Pima pembe kwa pembe

Usiamini kwamba chumba kimenyooka. Pima pande zote nne, kisha pima kutoka kona hadi kona kwa njia zote mbili. Chumba cha 280 kwa 540 kilichonyooka kingetoa 608 pande zote mbili. Hiki kimetoa 615 na 601. Maana yake ukuta mrefu umelala: ukitoka mwisho mmoja wa chumba kwenda wa pili, mstari umehama karibu sentimita 15, na kila sentimita 60 umehama 1.7. Ndiyo sababu kabati la mstatili lenye upana wa 280 na kina cha 60 haliingii chumbani humu hata ukilisukuma kwa nyundo.

Pima pia kimo cha chumba kwenye kona zote nne, kimo cha dirisha kutoka sakafuni, na kila soketi na swichi.

2. Chora chumba kama kilivyo

Weka vipimo kwa milimita kabla ya kuchora chochote. Chora mstari wa 2800. Chukua duara, andika 400s na ubonyeze Enter, kisha weka kitovu kwenye ncha ya kushoto na uandike 5400. Duara la pili lianzie ncha ya kulia, 6150. Yanapokatana ndiyo kona ya tatu. Kona ya nne unaipata hivyo hivyo: 5400 kutoka kulia, 6010 kutoka kushoto.

Hiyo 400s msiiruke. Duara la SketchUp si duara kamili, ni vipande vya mistari iliyonyooka, na kwa kawaida ni 24. Kwenye duara ambalo kitovu hadi ukingo ni mita 6, katikati ya kipande mstari unaingia ndani zaidi ya sentimita 5. Utakuwa umepima kwa uangalifu wote, halafu programu ikakuharibia kona. Ukiwa na vipande 400 kosa halifiki hata nusu milimita.

Ukishapata kona zote, futa maduara, toa unene wa ukuta kwenda nje, inua kuta, toboa madirisha.

3. Kila kitu kiwe komponenti yenye jina

Grupu ni vipande vilivyofungwa pamoja; komponenti ni hivyo hivyo, ila nakala zake zote hubadilika pamoja. Kuta ziwe grupu moja, sakafu grupu, dari grupu. Kitanda, kabati, taa na pazia viwe komponenti. Vipe majina yanayoeleweka: "Kabati la nguo, mtiki" na siyo Component#14. Jina hilo ndilo litakalotokea kwenye orodha ya bei.

Tegi (lebo ya kuwasha na kuzima kundi la vitu, kama samani) hupewa grupu na komponenti peke yake. Mistari na nyuso tupu zibaki Untagged (bila tegi) daima. Ukiiweka mistari kwenye tegi, siku ukizima tegi ya samani utaona nusu ya ukuta imetoweka, na kurekebisha kunachukua saa nzima.

Kabati letu: upana 274, na kila upande kipande cha kuzibia cha sentimita 3 ambacho seremala atakikata palepale kufuata ukuta. Nyuma acha sentimita 4 za hewa. Ukuta wa matumbawe unapumua unyevu, na MDF (ubao wa unga wa mbao) iliyogusana nao huvimba kuanzia chini. Nafasi hiyo ichorwe kwenye modeli. Ukiiacha kichwani mwako fundi hataijua.

4. Jua

Kwenye Model Info, sehemu ya Geo-location, weka Bagamoyo kwa mkono: latitudo 6.43 kusini, longitudo 38.90 mashariki. Saa za vivuli ziwe UTC+3. Kisha geuza modeli hadi kaskazini yake iwe kweli. Huku kwetu jua la adhuhuri liko kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba, kwa hiyo kagua miezi yote miwili kabla ya kuchagua upande wa kitanda na uzito wa pazia.

5. Mionekano na LayOut

Tengeneza Scenes (mionekano iliyohifadhiwa) tano: ramani ya sakafu, ramani ya dari na taa, kuta mbili zenye kazi, na picha moja ya mteja. Zile nne za kazi ziwe Parallel Projection (vitu vya mbali havionekani vidogo, kwa hiyo vinapimika), ya mteja iwe perspektivu, kama jicho linavyoona. Zipeleke LayOut, karatasi A3. Ramani iwe 1:50, kabati 1:25 au 1:20. Michoro ya fundi iweke Vector (mistari halisi) ili itoke safi kwenye printa, picha yenye rangi iache Raster (nukta za rangi).

Vipimo viweke LayOut na viache vijisome vyenyewe. Usiandike namba kwa mkono juu ya kipimo, hata kama tofauti ni milimita mbili. Modeli ikibadilika, fungua LayOut, bonyeza Update Model Reference, namba zote zinafuata.

6. Orodha na bei

Kwenye Entity Info ya kila komponenti kuna nafasi ya bei. Jaza, kisha nenda File, Generate Report, chagua jina, idadi na bei, utoe CSV, faili la jedwali linalofunguka kwenye Excel. Tahadhari: ripoti inahesabu pia komponenti zilizomo ndani ya komponenti. Ukiweka bei kwenye kabati na tena kwenye milango yake, mteja atalipishwa mara mbili.

Marumaru hesabu kwa eneo: 15.12 mita za mraba, ongeza asilimia 10, inakuwa 16.63. Boksi la 60 kwa 60 lenye vipande vinne ni 1.44, kwa hiyo maboksi 12. Kwa chumba kilicholala kama hiki usipunguze hiyo asilimia 10. Vipande vya kando ya kuta ndefu vitakatwa mshazari.

MASWALI

*Chumbageni, Tanga:* Shikamoo mwalimu. Kompyuta yangu ina RAM ya 8, faili likifika MB 200 inaganda. Ninunue nyingine?

Marahaba. Usinunue bado. Model Info, Statistics, bonyeza Purge Unused. Kisha tafuta samani ulizopakua 3D Warehouse (maktaba ya mtandaoni ya modeli za SketchUp). Sofa moja yenye mito iliyokunjwa inaweza kuzidi uzito wa nyumba nzima. Ibadilishe kwa boksi rahisi, ile ya kweli irudishe siku ya kutoa picha. Vivuli vizime unapochora.

*Ngamiani, Tanga:* Mchoro unasema 280, seremala kapima 277. Nani kakosea?

Uliza kwanza kama ulipima kabla ya lipu. Sentimita moja na nusu kila upande ndiyo hizo tatu. Seremala apewe kipimo cha baada ya lipu, siku zote.

*Dunda, Bagamoyo:* Fundi wangu hataki milimita, anataka futi na inchi. Nichore upya?

Hapana, dada. Modeli iache kwenye milimita. LayOut chagua vipimo vya karatasi ya fundi huyo, badilisha kizio kiwe inchi. Ubao wenyewe ni futi 8 kwa 4, yaani 244 kwa 122: vipande viwili vya kina cha 60 vinatoka, na zinabaki sentimita 2 tu kwa ajili ya msumeno.

*Magomeni, Bagamoyo:* Toleo la bure la mtandaoni halitoshi?

Linatosha hatua ya 1 hadi ya 3. LayOut na Generate Report halina, kwa hiyo vipimo na bei utarudi kuviandika kwa mkono.

*Chumbageni tena:* Nimenakili kabati, nikapunguza moja, yote yakapungua!

Ndivyo komponenti inavyofanya kazi. Bonyeza kulia kwenye hilo unalotaka litofautiane, chagua Make Unique, lipe jina jipya, ndipo upunguze.