Somo: Kukusanya vitu vya watangazaji wa mpira, kuanzia karatasi hadi kaseti

Likitajwa jina la Leonard Mambo Mbotela, Ahmed Jongo au Charles Hilary, wengi hukimbilia kutafuta maikrofoni. Anza na karatasi. Karatasi ya vikosi yenye mwandiko wa mtangazaji, dakika za mabao na majina yaliyokatwa inajieleza yenyewe. Maikrofoni isiyo na maelezo ni chuma tu. Tena karatasi ndizo zinazochomwa kwanza nyumba ikisafishwa baada ya msiba, kwa hiyo wahi.

1. Umiliki. Mwenyewe akiwa hai, muombe yeye. Vin Scully, mtangazaji wa Dodgers, timu ya besiboli ya Marekani, kuanzia 1950 hadi 2016, alipeleka vitu vyake mnadani mwenyewe mwaka 2020. Ushahidi safi kuliko huo hakuna. Akiwa marehemu, onana na msimamizi wa mirathi. Mtoto mmoja akikuuzia daftari, ndugu zake bado wanaweza kulidai. Andikeni hati: kitu, kilikotoka, tarehe, bei au zawadi, sahihi zenu na ya shahidi.

2. Vifaa. Geuza kifaa uangalie chini. Ukikuta namba ya mali ya shirika, usinunue bila barua ya kuuzwa. Kibandiko kilichokwanguliwa ni dalili mbaya zaidi. Toa betri siku hiyohiyo, zikivuja zinakula shaba.

3. Karatasi. Piga picha kila ukurasa kabla ya kugusa chochote. Toa pini zenye kutu. Namba yako ya mkusanyo iandike kwa penseli, nyuma, pembeni. Selotepu hapana: gundi yake hugeuka njano na kuzama ndani. Laminesheni hapana kabisa, haitoki tena. Mifuko iwe ya polyester. Ile laini ya PVC yenye harufu hunyonya wino. Huku pwani weka boksi juu ya rafu, mbali na ukuta wa nje, na vifuko vya silika jeli vya kunyonya unyevu. Unyevu ukizidi asilimia 60 kwa muda mrefu, ukungu unakuja.

4. Kaseti. Vunja vijino viwili vya juu ili isirekodiwe juu yake. Ipeleke mbele hadi mwisho, uirudishe, ndipo ucheze. Ikigoma, hamishia utepe kwenye ganda jipya la skrubu. Safisha hedi (sehemu ya mashine inayosoma utepe) kwa pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Rekodi kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), biti 24, 48 kHz angalau; MP3 ni ya kutumiana tu. Hifadhi nakala tatu, moja nyumba nyingine.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, utepe una unga mweupe. Nicheze?*
Usicheze. Huenda ni ukungu, na utaingia kwenye hedi na kuambukiza kanda nyingine. Ifunge kwenye mfuko peke yake, umpelekee fundi wa kanda.

*Koti la sufu lina matundu ya nondo.*
Lifunge kwenye nailoni mbili bila hewa, liweke kwenye friza ya nyuzi -18 au chini zaidi kwa wiki mbili. Ukilitoa, usifungue hadi kesho yake, la sivyo maji yatatua kwenye kitambaa.

*Nitajuaje koti ni lake kweli, siyo linalofanana nalo?*
Tafuta picha yake yenye tarehe, ukuze, ulinganishe mishono ya mfuko, kifungo kilichobadilishwa, michirizi. Chapa na rangi havithibitishi kitu.

*Kaseti nimenunua, naweza kuiweka YouTube?*
Umenunua kaseti, siyo haki ya matangazo. Omba kibali cha kituo kwa maandishi.